Mwalimu aliweka miiko kwenye mifuko ya viongozi. Kwa nini hakuiweka kwenye mamlaka yao?

#1 Chaki na Ubao (mleta uzi)

Wanajamvi, salaam.

Nilifundisha somo la Siasa, baadaye likaitwa Uraia, mpaka nikastaafu. Kuna swali moja lilinifuata miaka yote hiyo na sikuwahi kulijibu vizuri darasani, kwa sababu kipindi kilikuwa kifupi na mtihani haukuliuliza. Sasa nina muda, naomba mnivumilie, uzi ni mrefu.

Tukimjadili Julius Nyerere huku mitandaoni tunagawana mafungu mawili. Fungu moja linataka atangazwe mtakatifu, lingine linamwita dikteta. Mimi namtaka mtu aliyekaa akafikiri. Alikuwa na mawazo juu ya Mungu, juu ya uhuru, juu ya demokrasia, na zaidi ya yote juu ya binadamu: ni kiumbe wa namna gani, nini kinampotosha, nini kinamrudisha. Hilo la mwisho ndilo naona linafungua mengine yote.

Nianze na imani yake. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Hakubatizwa utotoni. Alibatizwa Desemba 1943 akiwa na miaka 21, mtu mzima na akili zake, aliyekwisha kusoma Tabora. Kwa hiyo Ukatoliki hakuurithi kama mtu anavyorithi shamba. Aliuchagua. Wote waliomjua Dar es Salaam wanakumbuka alivyokuwa anawahi misa asubuhi, na baada ya kustaafu aliketi akazigeuza Injili zote nne na Matendo ya Mitume kuwa tenzi za Kiswahili, zikachapwa mwaka 1996. Rais mstaafu mwenye dunia nzima ya kuzungukia, anahesabu mizani!

Sasa rudieni ile hotuba ya Oktoba 1959 kwenye Baraza la Kutunga Sheria, ya kuwasha mwenge na kuuweka juu ya mlima Kilimanjaro, ulete tumaini pale ambapo hakuna matumaini, upendo mahali palipo na chuki, na heshima palipojaa dharau. Mkatoliki yeyote akiisikia anaitambua mara moja. Mapigo yake ni ya sala inayojulikana kwa jina la Fransisko wa Asizi. Mwanasiasa amesimama mbele ya wakoloni, na sala imo ndani ya hotuba. Katika maneno hayo hakumtaja Mungu, na hakuna Mwislamu wala mpagani aliyeona ametengwa nayo. Leo mwenge huo unazungushwa nchi nzima kila mwaka.

Angalieni tena maneno aliyoyachagua. Azimio la Arusha la mwaka 1967 linafunguliwa na sehemu inayoitwa "Imani ya TANU", yaani chama chake, na ya kwanza kabisa ni kwamba binadamu wote ni sawa. Mbele kidogo kuna sehemu yenye kichwa "Ujamaa ni imani". Angeweza kuandika siasa, sera, au msimamo. Akaandika imani. Nadhani alijua kwamba usawa wa binadamu hauthibitishwi kwa rula wala kwa mizani. Watu hawalingani nguvu, hawalingani akili, hawalingani mali. Ukisema wako sawa, unasema jambo unaloliamini kabla ya ushahidi wowote.

Na aliliamini hata lilipomgharimu. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Bunge lilijadili muswada wa uraia. Wapo wabunge, watu wa chama chake mwenyewe, waliotaka uraia uwe wa Waafrika weusi peke yao. Aliwashambulia kwa ukali ambao haukuzoeleka kwake, akawafananisha na Hitler, akasema yuko tayari kujiuzulu yeye na serikali yake. Kisiasa ingekuwa rahisi mno kunyamaza wakati ule.

Mwaka 1970 alizungumza na masista wa Maryknoll kule New York. Aliwaambia kwamba hawezi kumfikiria Mungu aliye maskini, mjinga, mwenye hofu na aliyeonewa, ilhali hiyo ndiyo hali ya wengi wa wale aliowaumba kwa mfano wake. Na kwamba Kanisa lisiposhiriki kupambana na mifumo inayowaweka watu katika unyonge, litakuwa halina maana kwao. Hapo imani yake na siasa yake zinakuwa kitu kimoja. Dhambi kwake ilikuwa na sura ya mfumo pia, mbali na ile ya mtu binafsi.

Sasa nifike kwenye binadamu. Kuna watu wanasema kosa la Nyerere lilikuwa kuamini kwamba binadamu ni malaika. Sikubaliani nao kabisa. Someni ahadi za mwana-TANU: "Rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa. Cheo ni dhamana. Sitakitumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu." Hayo hayaandikwi na mtu anayeamini malaika. Yameandikwa na mtu anayejua kwamba ukimpa binadamu cheo, jambo la kwanza litakalomjia kichwani ni faida yake. Ndiyo maana ikaja Miiko ya Uongozi: kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Ndiyo maana mla rushwa alichapwa viboko 24, 12 siku ya kuingia gerezani na 12 siku ya kutoka, "akamwonyeshe mkewe", kama mwenyewe alivyotukumbusha mwaka 1995.

Na miaka mitano kabla ya Azimio, katika kijitabu chake cha Tujisahihishe cha 1962, aliandika maneno ambayo mimi niliyaandika juu ya ubao kila Januari: "Ukweli una tabia moja nzuri sana. Haujali mkubwa wala mdogo. Haujali adui wala rafiki. Kwake watu wote ni sawa." Kisha akaongeza kwamba ukweli una tabia ya kujilipiza kisasi ukipuuzwa.

Basi swali langu ni hili. Mtu huyu aliyeujua udhaifu wa binadamu kiasi hicho, mwaka huo huo wa 1962 nchi yake ilipitisha Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, ambayo kwayo saini ya Rais ilitosha kumfunga mtu bila kesi, na mahakama haikuwa na nafasi ya kuhoji. Januari 1963 akaandika kijitabu cha kutetea chama kimoja. Mwaka 1965 ikawa katiba. Mwenyewe aliwahi kukiri kwamba katiba inampa mamlaka ya kutosha kuwa dikteta.

Aliulinda mfuko wa kiongozi kwa miiko, viboko na kiapo. Mamlaka ya kiongozi akayaachia dhamiri yake. Kwa nini?

Jibu langu la awali ni kwamba aliamini kishawishi kinaingia kwa mlango wa mali. Akiwa hana tamaa ya mali, mtu anaweza kukabidhiwa nchi. Na kwa kuwa yeye binafsi hakuwa na tamaa hiyo, hakuuona mlango wa pili.

Mfano ninaoutumia ni wa Oktoba 1966. Wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa na kulalamikia mishahara minono ya wakubwa. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Akakubali kwamba wana hoja juu ya mishahara, akajihesabu na yeye katika tabaka hilo la wanaonyonya, akapunguza mshahara wake kwa asilimia 20 palepale. Halafu palepale akawafukuza chuo, mamia yao, warudi makwao. Hakuna kikao cha nidhamu, hakuna rufaa. Kwenye mfuko alijihukumu mwenyewe bila huruma. Kwenye mamlaka hakuona kama kuna cha kuhukumiwa.

Karibuni.

#2 Fundi Saa

Mkuu, uzi mzuri, ila umeondoa saa ukutani. Mtu hafikiri hewani, anafikiri ndani ya wakati wake. Kongo iliwaka moto mwaka uleule wa uhuru wake, 1960. Togo wakamuua rais wao Januari 1963. Hapa kwetu Januari 1964 askari wa kambi ya Colito wakaasi, Rais akajificha, na utulivu ukarudishwa na askari wa Uingereza, aibu ambayo hakuisahau. Nchi ina makabila zaidi ya 120 na wasomi wa kuhesabika. Wewe ungeruhusu vyama vitano?

Pia chama kimoja cha mwaka 1965 hakikuwa kiini macho. Karibu kila jimbo wagombea wawili, mmoja alama ya jembe, mwingine alama ya nyumba, na wananchi wakawaangusha wakubwa. Paul Bomani alikuwa Waziri wa Fedha, akaangushwa Mwanza. Amir Jamal, mwenye asili ya Kihindi, akashinda Morogoro kwa kura za Waafrika. Nchi ngapi zenye vyama vingi wakati ule zilikuwa na waziri anayelala hajui kama kesho ataamka na ubunge?

#3 Chaki na Ubao

Fundi Saa, asante, na sehemu ya hoja yako naikubali moja kwa moja. Uchaguzi wa 1965 ulikuwa na jasho ndani yake. Hoja ya kile kijitabu cha 1963 nayo si ya kudharau: alisema panapokuwa na chama kimoja kinachobeba taifa zima, demokrasia inaweza kusimama imara kuliko panapokuwa na vyama viwili, kila kimoja kikiwa cha kundi lake. Mbunge asiyefungwa na nidhamu ya kambi angeweza kusema anachoamini.

Lakini tazama kiti kimoja ambacho jembe na nyumba havikukifikia. Kwenye urais lilikuwepo jina moja, na chini yake Ndiyo au Hapana. Waziri wa Fedha aliwekwa kwenye mizani. Mwenye nchi hakuwekwa. Kama ushindani ni mzuri kiasi cha kumwangusha Bomani, kwa nini uishie mlangoni pa Ikulu?

Na hofu ya mapinduzi inaeleza mwaka 1964. Haielezi mwaka 1974, watu walipohamishwa kwa nguvu kwenda vijijini.

#4 Bint Rufiji

Mwalimu wangu shikamoo, na wengine habari zenu.

Mimi naomba kuongelea uhuru kwa sababu naona mnauzungukia. Bibi yangu aliishi bondeni kwenye mto, mahali ambapo udongo wa mafuriko unatoa mpunga bila mtu kununua mbolea. Operesheni ya kwetu ya kuhamishia watu vijijini ilikuja mapema kuliko mikoa mingi, mwishoni mwa miaka ya sitini, baada ya mafuriko makubwa. Wakahamishiwa juu. Juu hakuna maji ya kumwagilia, hakuna udongo ule. Bibi alikuwa anasema walipewa usalama wa kutozama na wakanyang'anywa chakula.

Sisemi Mwalimu alikuwa na nia mbaya. Nauliza tu, yule aliyeandika kwamba watu hawaendelezwi, hujiendeleza wenyewe, alikuwa wapi siku ile?

#5 Chaki na Ubao

Marahaba binti yangu. Umegusa penye kidonda, na naomba nikujibu taratibu.

Maneno unayoyataja ni ya Oktoba 1968. Katika andiko lile lile alisisitiza kwamba vijiji vya ujamaa haviwezi kuundwa kwa nguvu, kwamba mtu ashawishiwe, aone mfano, aje mwenyewe. Sioni sababu ya kudhani alikuwa anadanganya. Miaka mitano baadaye, Novemba 1973, ikatangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri.

Baba yangu alihamishwa mwaka 1974, kanda ya kati. Nilikuwa mtoto. Lori lilikuja na vijana, vitu vikapakiwa, paa la nyumba likatolewa ili tusirudi. Mtama ulikuwa haujavunwa. Tulishushwa kwenye uwanda wenye vigingi vilivyowekwa kwa mistari, kila familia na mstari wake. Shule ilikuja kweli, na mimi ni zao la shule ile, siwezi kuificha baraka hiyo. Zahanati ilikuja. Lakini baba alipouliza kwa nini wasisubiri mavuno, aliambiwa asipinge maendeleo.

Nimelitafakari sana badiliko la kutoka 1968 hadi 1973. Watu wengi wanasema alichoka kusubiri, na ni kweli alikuwa na haraka. Mimi naongeza jambo. Kati ya miaka hiyo hapakuwepo mtu mwenye kiti chake mwenyewe ambaye angeweza kumwambia hapana. Hebu tazama mfululizo huu. Mwaka 1964 shirikisho huru la vyama vya wafanyakazi, TFL, likavunjwa, ikaundwa NUTA chini ya chama. Mwaka 1969 Ruvuma Development Association ikapigwa marufuku. Hii ya Ruvuma inaniumiza kuliko zote, kwa maana wale walikuwa wakulima waliojenga vijiji vya ujamaa kwa hiari, kule Litowa na kwingineko, mfano ule ule aliouandika, na mwenyewe aliwapenda na kuwasifu. Kamati Kuu ya chama chake ikaufuta umoja huo kwa sababu ulikuwa umesimama pembeni ya chama. Mwaka 1972 serikali za mitaa zikafutwa. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vya wakulima vikafutwa.

Kila kilichokuwa kati ya mwananchi na dola kiliondolewa kimoja kimoja. Siku lori lilipofika kwa baba yangu, hapakuwepo halmashauri wala mahakama ya kukimbilia, na chama cha ushirika nacho kilikuwa kinangoja zamu yake. Yalibaki maandiko ya 1968, na maandiko hayazuii lori.

#6 Msomaji wa Kariakoo

Kwenye mfululizo wako umeruka mwaka mmoja, na naomba kwa heshima tusiuruke. Mwaka 1968 EAMWS, jumuiya ya ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, ilivunjwa, na mwezi huo huo wa Desemba ikaundwa BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania. Sheikh Hassan bin Ameir, mmoja wa waliomshika mkono Nyerere kwenye harakati, alirudishwa Zanzibar. Wazee wetu wa Gerezani na Kariakoo waliompokea kijana kutoka Pugu wakampa nyumba zao, fedha zao na majina yao, wengi wao walikuwa Waislamu. Unaposifu imani yake, kumbuka wapo waliouliza kwa nini Kanisa liliachwa na mabaraza yake na sisi tukaundiwa chombo.

#7 Chaki na Ubao

Msomaji, ni kweli niliuruka, na sikupaswa kuuruka. Asante kwa kunirudisha.

Sitasema waliovunjiwa walikuwa maadui wa serikali, wala sitasema ilikuwa njama ya dini moja juu ya nyingine, maana yapo matendo yanayokwenda upande mwingine. Shule za misheni zilitaifishwa kuanzia mwaka 1969, na moja ya sababu ilikuwa kuwafungulia mlango watoto wa Kiislamu waliobaguliwa na mfumo wa wakoloni. Maaskofu hawakufurahi. Mwalimu aliamini kwa dhati kwamba serikali haina dini, watu wake ndio wenye dini, na aliandika wazi kwamba ujamaa haumuulizi mtu kama anamwamini Mungu au hapana.

Lakini malalamiko yenu yana mzizi, na ni ule ule ninaousema. Hakuvumilia kundi lenye sauti lililosimama nje ya paa la chama. Kanisa Katoliki lilikuwa na makao Roma, halingeweza kuvunjwa kwa tangazo. Jumuiya ya Waislamu iliweza. Aliyevunja hakuhitaji kuwa na chuki. Ilitosha awe na uwezo wa kuvunja na asiwe na wa kumzuia. Matokeo kwa aliyevunjiwa ni yale yale, na ndiyo maana miaka zaidi ya 50 baadaye bado unalizungumza kwa uchungu, nami nakuelewa.

#8 Katekista Mstaafu

Nimekuwa nasoma kimya, naomba nitie neno moja juu ya imani, kwa sababu mwenzangu ameuliza kwa nini hakuuona mlango wa pili.

Mimi naona chama kwake kilikuwa kama Kanisa. Kina imani yake iliyoandikwa kwa vipengele, kina ahadi kama za ubatizo, kina miiko, kina kitubio, maana Tujisahihishe ni kitubio tu kwa jina lingine. Na Kanisa kwa Mkatoliki ni moja. Hakuna Mkatoliki anayeona kwamba Kanisa lingekuwa bora kama yangekuwepo mawili yanashindana. Umoja ni alama ya ukweli wake. Mtu aliyelelewa katika fikra hiyo akijenga chama, chama cha pili atakiona kama farakano.

Lakini kuna kitu alikisahau kukichukua. Kwetu hata Papa ana muungamishi. Kama mimi na wewe, anapiga magoti mbele ya padri wa kawaida. Mafundisho yanasema kila mtu ameanguka, bila kumbagua mwenye joho. Mwenyekiti wa TANU alipiga magoti mbele ya nani?

#9 Chaki na Ubao

Katekista, nimeyasoma maneno yako mara nne. Nikubali kwamba umeliona vizuri kuliko mimi. Nilikuwa nasema alidhani kishawishi ni mali. Wewe umeonyesha kwa nini alidhani mamlaka ndani ya chama yako salama. Kama chama ni jumuiya ya waamini, basi kiongozi wake anabanwa na imani yake.

Na inaeleza Mwongozo wa TANU wa 1971. Ibara ya 15 ilimkataza kiongozi kiburi, ufujaji, dharau na uonevu. Maneno mazuri kabisa, yanazungumzia mamlaka na si mfuko peke yake, kwa hiyo nirekebishe niliposema hakuuona kabisa mlango huo. Aliuona. Ila wafanyakazi walipoichukua ibara ile kwa uzito, wakagoma viwandani dhidi ya mameneja waonevu, baadhi yao walifukuzwa kazi. Ilikuwa amri ya dhamiri. Mnyonge alipojaribu kuishika kama haki, ikamponyoka mkononi.

#10 Fundi Saa

Sawa. Lakini alibadilika au hakubadilika? Maana mtu anayefikiri, kama unavyomwita, hufikiri tena.

#11 Chaki na Ubao

Alibadilika, na hapa ndipo ninapompenda.

Mwaka 1984 kwenye mahojiano alisema kuna mambo asingeyafanya kama angeanza upya, akataja mawili: kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika. Akasema hawakuwa na subira, na walikuwa wajinga. Rais aliyeko madarakani, anatumia neno hilo juu yake mwenyewe. Angalia alichokichagua kujutia. Hakutaja bei ya mkonge wala deni la vita. Alitaja zile ngazi zilizokuwa kati ya mwananchi na dola.

Mwaka huo huo Haki za Binadamu zikaingizwa ndani ya Katiba, ingawa mahakama zilifungwa mikono mpaka 1988. Mwaka 1985 akang'atuka. Mwaka 1990 alifungua mjadala wa vyama vingi, yeye aliyekuwa baba wa chama kimoja. Tume ya Jaji Nyalali ilikuta takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni wanataka chama kimoja kiendelee, na bado ikashauri mlango ufunguliwe, ukafunguliwa Julai 1992.

Mwaka 1995 akatuambia dhambi ya ubaguzi ni kama kula nyama ya mtu, ukishaila utaendelea kuila. Hilo ni neno juu ya tabia ya binadamu, na ni zito kuliko yote aliyosema akiwa Ikulu. Maovu mengine mtu anaweza kuyafanya mara moja akayaacha. Hili linamzoesha ladha.

Ila la mgombea binafsi ndilo nililotaka hasa kulifikia. Mwaka 1994 Mahakama Kuu, katika kesi ya Mchungaji Mtikila, ilisema raia ana haki ya kugombea bila chama. Bunge likabadili Katiba ili kuizuia haki hiyo. Nyerere, mzee wa miaka zaidi ya 70, akaandika kwamba jambo hili ni la hatari sana, akauliza tutaishia wapi: kama kipengele kimoja cha haki kinaweza kupunguzwa namna hiyo, nini kitazuia haki zote zisibaki jina tu? Maneno hayo yalikuja kunukuliwa mahakamani kesi iliporudi. Mtu aliyeandika kijitabu cha 1963 anamtetea raia mmoja asiye na chama, dhidi ya chama alichokiasisi yeye. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, pale Arusha, ikampa ushindi Mtikila. Mpaka leo huwezi kugombea bila chama.

Azimio lenyewe hakuliacha. Karibu na mwisho wa maisha yake alisema bado anasafiri nalo, analisoma na kulirudia akitafuta cha kubadili, na kwamba pengine angeboresha Kiswahili chake tu. Kwa hiyo imani aliibakiza yote. Kilichobadilika ni nani anaweza kuaminiwa kuilinda.

#12 Bint Rufiji

Mwalimu wangu, asante. Swali la mwisho kwangu, kama si kukuingilia. Baba yako alimsamehe?

#13 Chaki na Ubao

Hukuniingilia, binti yangu.

Hakuwahi kulitumia neno hilo. Oktoba 1999 habari ilipotoka London kwamba Mwalimu amefariki, nilimkuta baba amekaa na redio, hajala. Alikaa hivyo siku mbili. Siku ya tatu alianza kuzisema ahadi za TANU kwa moyo, polepole, moja baada ya nyingine, bila kukosea. Binadamu wote ni ndugu zangu. Cheo ni dhamana. Nitasema kweli daima. Alipomaliza nikamuuliza alizijuaje zote hivyo.

Akaniambia, "Wote tulizijua. Hata wale vijana wa lori walizijua."